Umeme Tuliouziba kwa Tope

Mimi ni mtu wa kuongea na daftari. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, ila likifika kooni linakaa kitako. Wenzangu wa kidato cha tatu wananiita Bubu, na mimi nacheka nao, maana hata kukasirika kunataka maneno. Kwa hiyo haya niliyoyafanya mwaka huu nikiyasoma humu ndani najiuliza, hivi huyu kweli ni mimi?

Kijiji chetu kimekaa ukingoni mwa milima, juu kabisa ya Mazinde. Ukisimama nyuma ya choo chetu unaiona barabara ya Mombo kule chini na malori yake madogo kama siafu. Jua likizama, taa za Mazinde zinawaka mstari mmoja. Nimekua nikiziangalia taa hizo kwa juu, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Nguzo zilipita bondeni zikaendelea na safari zake, sisi tukabaki na koroboi, na wenye uwezo wakanunua sola. Sasa sola ya huku kwetu uijue: ukifika mwezi wa sita ukungu unashuka mpaka mlangoni, unakaa wiki mbili, na kile kibao juu ya bati kinabaki kioo cha kunguru kujitazamia.

Ndiyo maana mafundi walipokuja na kusema umeme utatoka kwenye maji yetu wenyewe, nilijaza kurasa nne kwa siku moja. Maji! Kitu ambacho sisi tunacho hadi kinatuchosha. Nilitaka taa kwa sababu ambayo sikumwambia mtu: nilitaka kuandika jioni bila kuinamia koroboi na kuamka na pua nyeusi.

Hapa lazima nieleze kuhusu ndiva, maana bila ndiva hakuna habari.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo lililochimbwa na wazee mlimani, juu ya mashamba. Mfereji kutoka mtoni unaingia humo. Jioni unaziba mdomo wake, maji yanajikusanya mpaka asubuhi. Kukipambazuka, mwenye zamu anazibua, na maji yanateremka kwa kishindo kwenye mfereji wa chini hadi kwenye kabichi na karoti zake. Bila kuyalaza maji hivyo, mfereji wenyewe ni mkojo wa mbuzi, haufiki hata tuta la tatu.

Kuziba ni kazi ya bibi yangu, ninayeishi naye. Aliirithi kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kumlalamikia kwamba alimpendelea mtu. Mimi ndiye mkono wake wa pili. Kila siku saa kumi na moja jioni tunapanda, tunasukuma jiwe bapa kwenye mdomo, tunashindilia magome ya mgomba pembeni, tunapaka tope na kulipiga kwa viganja.

"Piga mpaka anyamaze," bibi husema. Maji kwake ni mtu.

Tukimaliza naandika daftarini saa tuliyoziba na zamu ya kesho ni ya nani. Bibi hajui kusoma, na watu wa bustani wanajua kubishana. Kwa hiyo daftari langu kurasa za mbele ni siri zangu na kurasa za nyuma ni ndiva.

Mafundi walikuja kupima mara tatu, na mara zote asubuhi, saa nne hivi, ndiva ikiwa imezibuliwa na mfereji unanguruma. Fundi mkubwa, mtu mzima mwenye kofia ya kiunoni na kalamu sikioni (kofia aliifunga kwenye mkanda, sijui kwa nini hakuivaa), alikinga ndoo huku anaangalia saa. Ndoo ikajaa kabla hajakohoa.

"Shikamoo bibi. Haya maji kiangazi yanakauka?"

"Marahaba baba. Mama yangu hakuwahi kuyaona yakikauka, na mimi sijayaona, na huyu mke mwenzangu," akanisukuma mbele, "hatayaona."

Fundi akacheka, akaandika. Wakachagua pa kuweka bomba: kwenye mfereji, hatua chache chini ya ndiva. Linateremka kwenye ule mteremko wa mawe mpaka kwenye kibanda cha mtambo, maji yanauzungusha, kisha yanarudi mferejini na kuendelea mashambani. Hakuna tone litakalopotea, akasema. Kila mtu akapiga makofi. Hakuna aliyemwambia habari ya jioni, kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa ni habari. Ndiva ilikuwa mambo ya kabichi na umeme mambo ya mafundi, na vitu hivyo viwili vilikaa vichwani mwetu kama majirani wasioamkiana.

Tulichimba mtaro wa bomba kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila nyumba jembe moja, Waislamu na Walutheri pamoja. Akina mama walipika makande kwa sufuria ya harusi. Ijumaa tulipumzika kwa heshima ya hawa na Jumapili kwa heshima ya wale, na fundi akasema hajapata kuona kijiji chenye sikukuu nyingi hivyo na bado kazi inakwisha.

Alhamisi ya kuwasha ikafika. Asubuhi walijaribu, na balbu ya zahanati ikawaka mchana kweupe. Tulikimbia kuitazama kana kwamba ni mtoto mchanga. Bibi mmoja aliipigia vigelegele mpaka akakosa pumzi. Fundi akalifunga bomba lisubiri jioni, na mwenyekiti wa kijiji akatangaza: jioni, saa kumi na mbili na nusu, zitawashwa zote. Zahanati, shule, msikiti, kanisa, na nyumba kumi na nane za kwanza, yetu ikiwemo!

Mimi na bibi tukapanda kuziba ndiva mapema kidogo ili tusichelewe. Nakumbuka tulivyoharakisha. Nililipiga lile tope kwa furaha, likaniruka mpaka kwenye nyusi. Akanyamaza vizuri kabisa. Tukanawa miguu, bibi akavaa khanga yake ya Idi, tukashuka mbio kwenda kuuona umeme.

Uliwaka. Naapa uliwaka! Uwanja mzima wa shule ukawa na vivuli, watoto wakaanza kukimbiza vivuli vyao. Mwenyekiti akafungua mdomo atoe hotuba, na hapo taa zikaanza kuwa za njano, kisha nyekundu kama kaa la moto, kisha hakuna kitu. Tukabaki tunasikiana pumzi tu.

"Hotuba imeukata umeme stimu," sauti ikasema gizani, na watu wakacheka, ila kicheko cha kujikaza.

Ijumaa asubuhi fundi akakagua. Mtambo unazunguka, balbu inawaka, hakuna ubovu. Alifungua kila nati na kuirudisha. Mchana kutwa hakula.

Jioni hiyo, saa yetu ilipofika, tukapanda tena. Sasa, ukiwa pale ndiva unaiona zahanati chini, na walikuwa wameiacha balbu ya nje ikiwaka wakiichunga. Nikaitazama, ndogo, nyeupe, nzuri jamani. Tukasukuma jiwe. Tukashindilia magome. Nikapiga tope, akanyamaza. Nikainua kichwa kujifuta, balbu bado ipo. Nikaanza kunawa mikono. Nilikuwa sijamaliza, nikaiona inageuka njano. Halafu nyekundu.

Nikaangalia mikono yangu. Nikaangalia mdomo wa ndiva. Nikaangalia bomba linapoingilia, hatua chache chini, ambapo mfereji ulikuwa umebaki tope na vyura. Pale pembeni kuna tangi dogo la kupokelea maji, na lilikuwa linamalizia kilichobaki, kama lilivyofanya Alhamisi bomba lilipofunguliwa.

Sikufikiri. Nililikamata jiwe nikalivuta.

"We mwana! Una wazimu?" bibi akapiga kelele. Maji yakanipiga kifuani. Nikamwonyesha kidole chini, kwenye zahanati. Tukasimama tumelowa wote wawili, na kule chini ile nyekundu ikawa njano, njano ikawa nyeupe, na tukasikia watu wanashangilia.

Bibi akakamua upindo wa khanga yake.

"Kumbe ni sisi," akasema. Kisha akasema, "Ziba."

"Bibi, lakini..."

"Ziba. Maji haya si yangu na si yako. Kesho ni zamu ya yule mjane wa kule chini, kabichi zake ndiyo zinaanza kufunga. Nimwambie nini? Nilikuwa natazama balbu?"

Nikaziba. Huku nalia, naandika ukweli, lakini niliziba, na nikaiona ikifa mara ya pili. Njiani bibi akanishika mkono. "Na usiseme. Ukisema wataivunja ndiva. Wanaume wakitaka taa hawakumbuki mboga inatoka wapi."

Kumbe alikuwa anaogopa. Sikuwahi kumwona bibi akiogopa kitu, hata nyoka.

Jumamosi asubuhi mkutano ukaitwa uwanjani mwa shule. Fundi alisimama, kalamu sikioni, uso umemshuka. Akasema ametafuta ubovu hakuupata. Akasema ni mto wetu: asubuhi una maji, jioni hauna.

"Mto wetu unalala kama kuku?" mzee mmoja akauliza.

"Sijui unalala kama nini, mzee wangu. Ninachojua, mtambo usiowaka jioni hauna maana. Kuna kijiji upande wa Mgwashi wanausubiri, na mto wao ni mkubwa. Jumatatu tutaanza kuufungua."

Uwanja ukaguna. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Bibi alikuwa mbele yangu, mgongo umenyooka, hageuki.

Neno ninalo, nikajiambia. Na Jumatatu wanaufungua. Nilifikiria koroboi, nikafikiria mjane, nikafikiria uso wa bibi. Usiku nilikuwa nimechora kitu kwenye ukurasa wa nyuma, na sasa daftari lilikuwa linaniunguza kwapani. Mkono wangu ukapanda. Sikuupandisha mimi, ulipanda wenyewe.

"Heee, Bubu!" mtu akasema nyuma.

"Mwacheni mtoto," mwenyekiti akasema. "Sema, mama."

Neno likakaa kitako kooni kama kawaida. Nikafungua mdomo, hewa tu. Watu wakaanza kugeuka wamchague mwingine. Hapo nikakumbuka kwamba mimi kusema siwezi ila kusoma naweza. Nikafungua daftari.

"Shikamooni," nikasoma, ingawa haikuandikwa. "Jumatatu tumeziba ndiva saa kumi na moja. Jumanne tumeziba saa kumi na moja na robo, mvua. Jumatano saa kumi na moja. Alhamisi tumeziba saa kumi na moja kasoro, tunawahi kuona umeme."

Kicheko kikaanza kwa akina mama wa bustani, maana wao walielewa kwanza. Mmoja akajipiga paja. "Mweh! Tumeuziba wenyewe!"

Fundi akauliza, kuziba nini? Ikabidi aelezwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nimekuja hapa mara tatu," akasema polepole. "Mara tatu, na hakuna hata mmoja..."

"Hukuuliza, baba," wakamwambia.

"Basi dawa ni rahisi," akadakia yule mzee wa mto kulala. "Ndiva isizibwe tena. Maji yaende kwenye mtambo."

Hapo uwanja ukawaka kuliko balbu. "Utakula taa na ugali?" "Watoto utawachemshia nyaya?" "Huo mchicha unaokula kwangu kila siku unaoteshwa na mate?" Bibi akageuka akanitazama. Ndicho alichokuwa anakiogopa, na mimi ndiye nimekileta.

Kwa hiyo sikukaa. Miguu ilitaka kukaa, nikaikataza. Nikasoma ukurasa wa mwisho, ule niliouchora.

"Maji yalale mchana. Tuzibe asubuhi, tuzibue jioni, yapite kwenye mtambo wakati wa taa. Na chini ya mtambo, juu ya mashamba, tuchimbe ndiva nyingine iyapokee. Yalale humo mpaka asubuhi. Mwenye zamu atazibua kama siku zote."

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya mguu wa mtu.

Fundi alichukua kijiti akaanza kuchora ardhini, ndiva ya juu, ndiva ya chini, bomba katikati. Alikuwa ananong'ona hesabu. Watu wakamzunguka. "Yatatosha," akasema, kisha akafuta akachora tena. "Kutoka magharibi mpaka saa nne. Labda saa tano masika. Mchana hamna, mashine ya kusaga msiitegemee. Ila jioni, yatatosha!"

Watu wakashangilia, ila bibi akasimama, na bibi akisimama watu hunyamaza kwa sababu ya zamu zao.

"Nina swali. Hayo maji yakishatolewa umeme, yanabaki na nini? Mtu aliyetolewa damu anapepesuka. Kabichi zetu zitafunga kwa maji ya makapi?"

Hakuna aliyecheka, kwani wengi walikuwa na swali hilohilo na waliona aibu. Fundi akamwomba waende naye, na mkutano mzima ukateremka nyuma yao hadi kibandani, ambako mtambo ulikuwa unazunguka kwa maji ya asubuhi. Akakinga kikombe kwenye mdomo wa kutokea, akanywa chote, akakinga kingine akampa kwa mikono miwili.

Bibi akanusa. Akaonja kidogo, akaonja tena, akafumba macho. Tulikuwa tunamtazama midomo.

"Ni yeye," akasema. "Hajabadilika. Amechezacheza tu."

Mwenyekiti akageukia watu. "Jumatatu mafundi hawafungui kitu. Jumatatu majembe!"

Na rafiki yangu wa dawati moja, aliyenibandika jina la Bubu tangu kidato cha kwanza, akaniinamia sikioni: "Kumbe Bubu una betri!"

Tulichimba siku tisa. Udongo mwekundu uliingia mpaka kwenye madaftari, hili hapa lina alama za vidole. Bibi alielekeza wapi tope la kufinyangia kuta na wapi mdomo utazame, na fundi akawa anamwita "mhandisi", bibi akawa anajifanya hasikii ili aitwe tena. Mjane wa kule chini alikuja na jembe lake na kabichi moja kwenye khanga. "Hii ya mtoto aliyesoma daftari," akasema, akaniwekea miguuni. Niliikumbatia tu.

Fundi ameondoka, ametuachia spana zake mbili na amewafundisha watu watatu, mmoja wao mama wa bustani. Mgwashi nao watapelekewa mtambo mwingine, na fundi aliniambia kwamba kule ataenda kupima jioni kwanza.

Bado hatujawa Mazinde. Nyumba nyingi zinangoja waya, na juzi jani la mgomba liliziba tangi tukakaa gizani hadi lilipotolewa. Bibi naye hajaamini moja kwa moja. Amepanda matuta mawili, moja anamwagilia maji ya mtambo na jingine maji ya mvua aliyokinga kwenye pipa, na kila asubuhi anabonyeza kabichi za huku na za huku kama anayewapima watoto homa. Mpaka leo hajatoa hukumu.

Lakini jioni! Jioni tunapanda kama zamani, sasa saa kumi na mbili na robo. Hatubebi magome, hayo sasa ni ya asubuhi tunapoziba. Tunasimama kila mmoja upande wake, bibi anasema "haya, mke mwenzangu," tunalivuta jiwe. Maji yanatoka yanapiga kelele. Mimi nahesabu kwa sauti, kwa sababu pale juu naweza kuhesabu kwa sauti. Nikifika arobaini na kitu, zahanati inawaka. Halafu shule, msikiti, kanisa. Halafu moja iliyo peke yake karibu na ukingo, mbele ya choo, ambayo ni yetu.

Leo nilipofika arobaini na mbili bibi alinikatiza.

"Piga kelele zaidi," akasema. "Wa kule chini hawajasikia kwamba ni wewe."